Kisa na Kisasi

Mfasiri yeyote aliyewahi kuyashughulikia maneno yaliyohama kutoka Kiarabu kuja Kiswahili atakuwa ametambua kwamba kisa na kisasi ni watoto wa mzazi mmoja. Asili yao ni kufuata nyayo. Mwenye kusimulia kisa huyafuata matukio hatua kwa hatua, na mwenye kudai kisasi huufuata uovu mpaka kwa aliyeutenda. (Mkasi nao hutajwa katika ukoo huo, lakini huyo tumwache akate nguo.) Katika sheria ya Kiislamu neno hili lina mipaka yake. Damu ya aliyeuawa ina mawalii, na mawalii hao wana hiari ya kudai uhai kwa uhai, au kupokea diya, au kusamehe. Na kusamehe ndiko kulikosifiwa zaidi. Kiswahili kililipokea neno, mipaka kikaiacha bandarini. Leo mtu akitamka “kisasi” haisikiki mizani, husikika hasira.

Adhabu ya kifo ya Tanzania Bara, walakini, haikutoka huko. Imo katika Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na Waingereza, na kwa kosa la kuua kwa kukusudia kanuni hiyo iliweka adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa. Walii wa damu haulizwi kama anataka au anasamehe. Jaji naye haulizwi. Akishaona kosa limethibitika, mdomo wake unakuwa wa sheria, na sheria ina sentensi moja. Waingereza wenyewe waliisimamisha adhabu hiyo kwa kosa la kuua mwaka 1965, na mwaka 1969 Bunge lao likaifuta moja kwa moja. Mwenye nguo ameivua. Aliyeazimwa angali anaivaa, tena anaapa kuwa ni vazi la mababu.

Mababu walikijua kitanzi kwa namna nyingine. Mwezi wa Disemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani. Mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa Kivinje, na mahali hapo pakaitwa Mwembe Kinyonga, jina lisilohitaji maelezo. Tarehe 27 Februari 1906, Songea, waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni kwa sababu ya Vita vya Maji Maji. Wote hao waliitwa wahalifu na serikali iliyokuwapo, na wote leo wanakumbukwa kuwa mashujaa. Haifuati kwamba kila aliyenyongwa ni shujaa. Huo ungekuwa upuuzi. Kinachofuata ni kidogo zaidi na kizito zaidi: hukumu ya binadamu, hata ikisomwa kwa sauti ya uhakika, huweza kuja kusomwa upya na wajukuu zake, na kitanzi ni adhabu ambayo haibakishi mtu wa kuombwa radhi.

Visiwani upo mfano ulio karibu zaidi. Baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume, Aprili 1972, kesi kubwa ya uhaini iliendeshwa Zanzibar, na mwaka 1974 Abdulrahman Babu akahukumiwa kifo bila ya yeye kuwapo kizimbani. Alikuwa kizuizini Bara, na Mwalimu Nyerere hakukubali kumrejesha. Babu aliachiwa mwaka 1978. Mwaka 1981 kitabu chake juu ya ujamaa na Afrika kilichapishwa, na aliishi akisomesha, akiandika na kugombana na watu hadi alipofariki London mwaka 1996. Msomaji ana haki ya kubishana na siasa za Babu mpaka usiku wa manane. Lakini abishane akijua kwamba, kwa mujibu wa hukumu ile, pasingekuwa na Babu wa kubishana naye.

Hata hivyo wenye kuitetea adhabu hii wana hoja, na hoja yao haifai kupitwa kama mtu apitaye omba-omba. Mwaka 2009, huko Kahama, Mahakama Kuu iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino na kumkata viungo vyake vya mwili kwa ajili ya ushirikina. Ni nani atakayekwenda kwa mama wa mtoto kama huyo kumweleza utukufu wa uhai wa wauaji? Anapodai nao wafe, mama huyo hana ushenzi wowote. Anataka kujua kama uhai wa mwanawe ulikuwa na thamani machoni pa watu, na hana lugha nyingine ya kuuliza. Falsafa inayomwona mzazi huyu kuwa ni mtu wa kuelimishwa tu imekosa adabu kabla ya kukosa hoja.

Ila swali lake lina majibu zaidi ya moja, na jibu la kitanzi halikumfaa. Hukumu ya Kahama haikuyakomesha mauaji hayo: mwezi wa Februari 2015 mtoto mchanga mwenye ualbino aliibwa na kuuawa mkoani Geita, na mwaka 2024 mwingine aliuawa mkoani Kagera. Mtu aliyeaminishwa kwamba kiungo cha mtoto kitamletea utajiri hapigi hesabu ya vifungu vya sheria usiku ule. Anachoogopa ni kukamatwa, na kukamatwa ni kazi ya polisi na ya majirani wasiokubali kunyamaza.

Aliyelifikisha suala hili mahakamani kwa ushujaa mkubwa ni Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1994, akiwa Mahakama Kuu, Dodoma, alikuwa na washtakiwa wawili mbele yake waliotiwa hatiani kwa kuua. Badala ya kuitamka sentensi ile moja, aliuliza kama Katiba inairuhusu. Akajibu kwamba hairuhusu: kunyonga ni ukatili unaomvunjia mtu utu wake, na kunakwenda kinyume na haki ya kuishi. Serikali ilikata rufani, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake. Namna ilivyoitengua ndiyo ya ajabu. Majaji wa rufani walikubaliana naye kwamba adhabu hiyo, kwa asili yake, ni ya kikatili na yenye kudhalilisha. Kisha wakasema kwamba Katiba yenyewe inaruhusu sheria ya namna hiyo ikiwa ni kwa manufaa ya umma. Ni nadra taifa kukiri wazi hivyo. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizipima hukumu za Tanzania katika mjadala wake, ikaifuta adhabu ya kifo nchini mwake.

Baada ya hapo Tanzania iliingia katika hali isiyo hai wala mfu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, hakuna aliyenyongwa. Rais Magufuli alitamka hadharani mwaka 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, kwamba hayuko tayari kutia saini. Wakati huo huo mahakama ziliendelea kuhukumu kifo, mwaka baada ya mwaka. Uganda mwaka 2009, na Kenya mwaka 2017, mahakama za juu ziliwarejeshea majaji hiari ya kupima. Uganda ikaongeza kwamba aliyengoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani ya mwisho, hukumu yake igeuke kifungo cha maisha. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, iliyo Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo ni kuvunja haki ya kuishi. Mwezi huo huo Tanzania iliondoa ruhusa ya raia wake kuishitaki katika mahakama hiyo.

Wako wanaoiona hali hii kuwa ni busara: sheria itishe, mkono usiue. Ingekuwa busara kama hukumu isiyotekelezwa isingemfika mtu. Lakini inamfika. Mfungwa haambiwi kwamba ni maneno tu. Kila rais mpya ni kalamu mpya, na kila hatua za viatu koridoni alfajiri zina maana mbili. Rehema isiyoandikwa popote ni ya kuazima, na mwenye nayo aweza kuidai wakati wowote.

Na jaji, chini ya sheria ya namna hiyo, hukisikiliza kisa chote. Husikia ya mke aliyepigwa miaka kumi na mitano kabla ya kuokota panga, na ya muuaji wa kukodiwa aliyepokea fedha zake nusu mapema, kisha wote wawili huwasomea maneno yale yale. Walii wa damu, aliyepanda gari alfajiri kuja kusikiliza, hurejea kwao jioni pasi na diya, pasi na nafasi ya kusamehe wala ya kukataa kusamehe, bila ya mtu yeyote kumuuliza jambo.