Sadaka kwa Anayeuliza

Mwaka 2005 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alipigiwa simu na mama wa mgonjwa wake. Binti alikuwa amejitoa uhai. Walikuwa wamekubaliana aletwe Harare kutibiwa, wiki zikapita asionekane. Daktari alipouliza kulikoni, mama akamjibu kuwa hawakuwa na dola 15 za nauli ya basi.

Aliyelelewa katika dini, awe wa msikitini au wa kanisani, hahitaji kuambiwa la kufanya akisikia kisa hicho. Atatoa nauli. Sadaka ndivyo tulivyofundishwa: huyu anatoa, yule anapokea, macho yanaona. Siku ya Ijumaa kwenye milango ya misikiti ya Dar es Salaam au Mombasa sarafu inadondoka koponi, inalia, mtoaji anavaa viatu vyake na kwenda zake moyo mweupe.

Sasa ajitokeze kijana mwenye shahada ya uzamili, shati limepigwa pasi, kompyuta begani, naye aseme anaomba. Anataka alipwe miaka miwili awahoji watu wenye sonona, ahesabu, alinganishe, na huenda mwishoni akaja kusema kwamba tiba aliyoitegemea haifai kitu. Huyo naye ni mstahiki?

Swali si la mzaha. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja makundi manane ya wanaostahiki zaka, na mtafiti hayumo kwa jina. Wapo wanazuoni waliomwingiza mtafuta elimu katika fungu la njia ya Mwenyezi Mungu, na wapo waliolibana fungu hilo wasimwachie hata upenyo. Kwenye sadaka ya hiari na wakfu mlango ni mpana zaidi. Hadithi ya Abu Huraira, iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim, inaitaja elimu yenye kunufaisha miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu yake haikatiki mtu akishazikwa.

Wa kale hawakuishia kwenye mjadala. Mtawala Nur al-Din alijenga hospitali yake Dameski mwaka 1154, Sultani Qalawun akajenga ya kwake Kairo miaka ya 1280, zote zikiendeshwa kwa wakfu. Ya Kairo iliwapokea wagonjwa wa akili, na humo humo tabibu mkuu alikuwa na mahali pa kusomeshea. Mapato ya wakfu uleule yalimlisha mgonjwa na kumlipa mwalimu. Kule Edirne, katika hospitali ya Bayezid II iliyofunguliwa mwaka 1488, wagonjwa wa akili walitulizwa kwa muziki na sauti ya maji.

Upande wa falsafa, Peter Singer alitoa mwaka 1972 mfano uliomfanya ajulikane: mtoto anazama bwawani, nawe unapita, utaogopa kulowesha nguo? Mfano mzuri, ila una upofu wake. Mtafiti hana mtoto anayezama mbele yake. Yeye anapima kina cha bwawa na kuuliza kwa nini watoto wa kijiji hiki wanazama humo kila mwaka. Kwa mpita njia anaonekana mtu asiye na kazi.

Ndiyo maana fedha zake ni ngumu kupatikana. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, serikali hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya afya ya akili, na sehemu kubwa ya hizo huishia hospitalini. Wafadhili wakubwa nao hutaka kuona matokeo ya awali kabla ya kutoa fedha, na kijana hawezi kuwa na matokeo kabla ya kupewa fedha. Duara hilo limewarudisha wengi kwenye kliniki za kulipia.

Marekani, mashirika ya wagonjwa na familia zao yaliamua mwaka 1987 kulikata duara hilo. Mfuko waliouanzisha, NARSAD, ambao leo unaitwa Brain & Behavior Research Foundation, huwapa watafiti vijana hadi dola 70,000 kwa miaka miwili. Miongoni mwa wachangiaji wamo watu wenye mgonjwa nyumbani. Mama mwenye mtoto anayeugua skizofrenia anajua kwamba tiba itakayotokana na mchango wake huenda ikamkuta mtoto wa jirani, mwanawe ameshazeeka. Anatoa. Wanateolojia wanaotafuta mfano wa ikhlasi wasiende mbali.

Turudi Harare. Mwaka 2006 Chibanda alipotaka kuisogeza tiba karibu na watu, aliambiwa hakuna wauguzi wa kumpa wala chumba. Akapewa mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akaweka benchi nje ya zahanati. Mabibi walizungumza na wagonjwa kuhusu kufungisisa, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, kile ambacho huku tunasema mtu ana mawazo. Hapo angeweza kuishia na kushukuriwa. Yeye akaenda mbele: katika zahanati 24 walishirikishwa watu 573, baadhi wakapelekwa kwenye benchi, wengine wakapata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu kidogo. Baada ya miezi 6 dalili za sonona zilikuwapo kwa asilimia 14 hivi ya watu wa benchi, na kwa asilimia 50 hivi ya wale wengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Hiyo asilimia 50 inachoma. Ni watu waliongoja ili wengine wajue. Lakini kabla ya hesabu ile hakuna aliyekuwa na hakika kwamba benchi linatibu, na kumgawia kila mtu kitu usichokijua si huruma. Baadaye benchi lilifika hadi Zanzibar, kwa sababu lilikuwa na ushahidi mkononi.

Chibanda huyohuyo aliongoza AMARI, mpango uliowasomesha vijana wa Ethiopia, Malawi, Afrika Kusini na Zimbabwe utafiti wa afya ya akili. Sehemu ya fedha ilitoka Wellcome, mfuko ulioachwa kwa wosia wa Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyefariki mwaka 1936. Kwetu tungeuita wakfu bila kusita.

Tanzania na Kenya hazikuwamo katika nchi hizo nne. Lakini Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya ina tume yake, makanisa yana hospitali na vyuo. Anayeandika hati ya wakfu mwaka huu, iwe duka la Kariakoo au shamba la karafuu Pemba, aongeze mstari mmoja: sehemu ya mapato imsomeshe mtafiti kijana wa afya ya akili, na sehemu ibaki kwa nauli za wagonjwa wake.