Je, Aliyerudi Ndiye Aliyeondoka?

Huko Muthurwa, mtaa wa Nairobi uliojengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, mtu huweza kutoka alfajiri akiwa timamu, akapatwa na ajali ya bodaboda, na baada ya miezi akarejea kwa sura ile ile, lakini hasira na usahaulifu wake vikawafanya jamaa waulize: je, huyu ndiye yule?

Suala hili si geni. Mwaka 1848, huko Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, alitobolewa fuvu na mtaimbo, akanusurika, na rafiki zake wakamwona amegeuka. Walakini baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile, dalili kwamba alikuwa amepata nafuu kiasi.

Ubongo hauungi kama mfupa: seli zilizokufa kwa kawaida hazirudi, bali zilizosalia hujifunza, kwa mazoezi na subira, kubeba kazi ya wenzao. Na katika muda huo wa kujifunza upya, mgonjwa ahukumiwe vipi? Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikwisha kutambua kwamba taklifu, yaani wajibu wa kisheria, hufuata akili; basi aliyepungukiwa nayo halaumiwi. Nami naitakidi kwamba nafsi si hazina iliyofungiwa kichwani tu, bali ni amana ambayo ndugu na majirani humhifadhia mgonjwa, hata aweze kuipokea tena.