Kitunguu Dirishani

Adhana imeshaadhiniwa, kengele ya kanisa bado. Jua halijachungulia juu ya mawe, nami nimekaa dirishani nikitazama kitunguu. Nilikinunua sokoni Misuna, hapa Singida mjini, nikakikalisha mdomoni mwa glasi, kitako kikigusa maji. Leo ni siku ya nne. Mizizi imetoka, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Baadaye nitazikata ncha zake, nizipake rangi, niziweke chini ya hadubini ya shule, wanafunzi wangu waone seli zikigawanyika.

Kila mwaka nafanya hivi, na kila mwaka nikifika hapa nanyamaza. Pale nchani zipo seli ambazo bado hazijawa kitu chochote. Moja ikigawanyika, mmoja wa watoto wake huenda kuwa mzizi, mwingine hubaki palepale, tayari kutoa tena. Na sisi tunazo za namna hiyo, ndani ya uboho wa mifupa. Mwaka 1961, huko Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi, kisha wakawadunga seli za uboho. Baada ya siku kadhaa bandama za panya wale ziliota vinundu, na ikaja kuthibitika kwamba kinundu kizima kimetokana na seli moja tu. Seli za namna hiyo ndizo tunazoziita seli shina. Damu yangu yote imetoka kwa watoaji wadogo hao, nami sijawahi kuwashukuru.

Lakini kutoa peke yake hakutoshi. Tumboni mwa mama, mkono wa mtoto huanza kama kasia dogo. Seli zilizo katikati ya vidole hufa, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, ndipo vidole vikaachana. Mikono tunayoiinua kuomba dua imechongwa na seli zilizokubali kuondoka. Hilo nimelitafakari miaka mingi na bado linanitetemesha. Saratani ni seli iliyoambiwa basi, ikakataa. Haina chuki na mwili. Inataka kuendelea tu, na kuendelea kwake kunamuua anayeibeba.

Mwaka huohuo wa 1961, katika miezi ya mwisho kabla ya uhuru wetu, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alishika njia kuifuatilia saratani moja ya watoto, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki kama 10 walipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali zipatazo 60 na kuuliza jambo moja: mtoto mwenye uvimbe wa taya kama huu, mmemwona? Mwaka 1957 alikuwa ameonyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia, na sura ile haikumtoka. Alikuwa mcha Mungu, mwenye jicho moja. Lingine lilimtoka utotoni. Naamini kuuliza kwake kulikuwa ibada. Ramani aliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe ule hufuata joto na mvua, na karibu na ikweta haupandi zaidi ya mita 1500 hivi, kimo ambacho sisi wa Singida mjini tunalala na kuamka juu yake. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara ina mkono wake humo, pamoja na kirusi.

Kirusi chenyewe kilipatikana kwa ukungu. Mwanasayansi Anthony Epstein alikuwa akiletewa London vipande vya uvimbe kutoka Uganda, akivichunguza bila kuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka. Yeyote angeyamwaga. Yeye alichukua tone, akatazama: zilikuwa seli hai za uvimbe, zimebanduka, zinaelea. Zikaoteshwa, na Februari 1964 kirusi kikaonekana ndani yake. Mungu nisamehe kwa maji niliyoyamwaga bila kuyatazama.

Jua limegonga glasi sasa, na mizizi inang'aa. Kabla sijachukua wembe, nina neno kwako mzazi, na kwako shangazi unayelea wajukuu wa dada yako huko Iramba au Mkalama. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ni katika saratani zinazosikia dawa upesi kuliko nyingi. Mtoto akivimba taya au tumbo, na meno yakaanza kulegea, usimpake majani ukangoja mnada upite. Mpeleke hospitali leo.