Kuona na Kutambua

Kuona si kutambua. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kutoka angani kwa vyombo vidogo visivyo na rubani, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Mwaka 2018 wataalamu walishindanishwa kuifundisha kompyuta izitambue nyumba katika picha hizo: iliyokamilika, inayojengwa, na msingi tu.

Kompyuta hujifunza kwa kuonyeshwa mapaa mengi ambayo mtu ameyachora mipaka na kuyapa majina. Basi mwanafunzi wa shahada ya pili anayesomea elimu hii na ajiulize: je, jina nililolitoa linatosha? “Msingi tu” huenda ni akiba ya mjane ya miaka kumi, au kiwanja cha mirathi wanachogombania ndugu. Picha haisemi uongo. Ila haijui lisiloonekana.

Hesabu na zisomwe kwa bidii, kwani mji haupangwi kwa kukisia. Lakini anayeifundisha mashine kuona, kwanza apite Ng'ambo kwa miguu, apige hodi. Jicho la angani huona paa. Wenye nyumba wamo chini yake.