Diski Iitwayo Mpya

Kompyuta ya Amstrad PC1512 isiyo na diski ngumu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1986, haikuweza kuanza kazi peke yake. Ilipaswa kutiwa diski laini ya inchi 5.25 yenye mfumo wa kuiamsha. Diski hiyo ilitengenezwa kwa amri moja: FORMAT A: /S. Mashine ilichora njia 40 kila upande, ikifuta yote yaliyokuwapo, kisha ikanakili mafaili ya mfumo.

Chuo nilichofundisha kilipewa moja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Msomaji akumbuke kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Huku kwetu Rukwa ilikuwa kama kitu cha hadithi. Diski zenyewe zilikuwa haba. Ile ya kuamshia ilipoanza kusuasua, tulikuwa na nyingine moja tu, nayo ilibeba masimulizi ya wazee wa Ufipa kuhusu matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, aliyoyakusanya mkufunzi mwenzangu. Kuifuta ni kuyapoteza. Kutoifuta ni kubaki na mashine isiyoamka, na masimulizi yasiyosomeka kamwe. Mwenzangu alikaa usiku tatu mbele ya kioo akinakili kwa kalamu. Ndipo akasema, "Haya, fomati."

Mashine iliandika kwa Kiingereza: ingiza diski mpya. Mpya! Haikuuliza kilichomo. Diski yoyote uitiayo, kwake ni mpya.

John Locke, katika karne ya 17, aliifananisha akili na karatasi nyeupe, nasi vyuoni tulifundisha hivyo bila kusita. Nakubali kwamba diski isiyochorwa njia haihifadhi kitu, na mtoto asiyejua kusoma atafungiwa milango mingi. Lakini mtoto wa Kirando aingiapo darasa la kwanza anajua upepo upi unazamisha mitumbwi Ziwa Tanganyika, na elimu hiyo haimzuii kujifunza herufi hata chembe. Kwa nini basi ifutwe, tena bila mtu aliyekesha kuinakili?

Nilipokagua mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alionyesha picha ya samaki. Mtoto akamtaja kwa Kifipa. "Sahau hilo," mwanachuo akasema, akaandika ubaoni jina la Kiswahili. Somo lake lilipangwa vizuri, sauti yake safi. Nilimpa alama za chini. Alikuja ofisini kulalamika, nami sikuzibadilisha.