Taa Kali na Haki ya Anayekuja Mbele

Je, mtu anawajibika kwa madhara ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyaona? Nalipima swali hili kwa jambo la kila siku: mwenye pikapu anayebadilisha taa za mbele. Za zamani hazimtoshi usiku, ananunua balbu za LED, anazichomeka palipokuwa na halojeni, barabara inang'aa, naye anaridhika. Anayepofuka ni dereva anayetoka upande wa pili. Ukweli ni kwamba, akiwa nyuma ya usukani, mwenye pikapu ndiye wa mwisho kujua alichofanya.

Lakini kutojua huku kuna dawa, na hapo ndipo wajibu unapoanzia. Balbu ya kawaida ya H4 ina wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga kupanda juu. Kioo cha ndani cha taa kilichongwa kwa ajili ya uzi huo, mahali pale pale ulipo. Chanzo cha mwanga kikihama kwa milimita chache tu, miale hutawanyika hadi machoni pa wengine. LED nyingi za kuchomeka zina umbo jingine kabisa. Tena mara nyingi balbu ya zamani haikuwa na kosa. Ethi ikishika kutu, au waya ukichoka, umeme unaoifikia taa ukapungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Plastiki ya mbele huwa ya manjano kwa jua. Pikapu ikipakiwa magunia, nyuma hulala na taa hutazama juu. Anayeongeza ukali kabla ya kutafuta chanzo hajatibu kitu. Amehamishia tatizo lake kwa jirani.

Sheria za dini zililitambua hili zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aliyechimba shimo akaliacha wazi hulipa mnyama akitumbukia, ingawa hakumkusudia mnyama yeyote. Katika Qur'ani, sura ya An-Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea anatakiwa kulipa diya. Atakayesema kwamba matendo hupimwa kwa nia anasema kweli, ila nia huamua thawabu na dhambi. Haifuti dhamana ya kilichoharibika.

Pingamizi zito zaidi ni la giza lenyewe. Barabara nyingi hazina taa, watu hutembea pembeni usiku wakiwa na nguo nyeusi, ng'ombe huvuka. Dereva anayetaka kuona anataka kuokoa uhai. Pingamizi hili nalipokea lote. Ila anayepofushwa naye ana mtembea kwa miguu mbele yake, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa anapita mita 22 kila sekunde bila kumwona. Haki ya kuona ni ya wote wawili, na waya mzuri wenye rilei, plastiki iliyosafishwa na taa zilizolengwa sawasawa hutoa mwanga bila kuuchukua kwa mwenzako. Wapo wanaojibu kwamba kila mtu anaweka taa kali, na anayejizuia peke yake huumia. Hadithi mashuhuri ya Mtume inakataza kudhuru na pia kulipiza dhara kwa dhara; dereva wa gari la tatu, aliye nyuma ya yule uliyetaka kumkomoa, hana ugomvi na yeyote.

Fundi ana udhuru mdogo kuliko dereva, kwa sababu anaujua ukuta. Gari likisimama mita 10 kutoka ukutani, mstari wa juu wa dimu unapaswa kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya kimo cha taa. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na anayekabidhi ufunguo bila kukifanya ni mshirika katika yatakayotokea.