Haki ya Njia na Tuta la Wakazi

Mchepuko unaoiacha barabara ya Lodwar–Kalokol kuelekea Eliye Springs, penye chemchemi na mikoma ukingoni mwa Ziwa Turkana, umejulikana kwa mchanga unaomlazimisha dereva kwenda polepole. Bali barabara kuu ya A1, ipitayo Lodwar na Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini, imejengwa upya kwa lami, na lami haimzuii mtu. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na katika vituo vya biashara, lakini pasipo na wa kuisimamia, wakazi wa sehemu nyingi za nchi, mara nyingi baada ya mtoto kugongwa, hujijengea matuta kwa mawe na udongo, nayo mamlaka ya barabara huyaondoa kwa kuwa hayana kibali.

Je, wakazi hao wametenda haki? Hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, zinahesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la imani, na zinawataka wanaoketi barabarani waipe njia haki yake, ikiwemo kujizuia kudhuru watu. Kwa mtazamo wa kwanza tuta ndilo udhia wenyewe. Lakini udhia hupimwa kwa madhara yanayompata mpitaji, na mahali anapovuka mtoto aendaye shule, kasi ndiyo mwiba na tuta ndilo mkono unaouondoa.

Waturkana nao wana ekwar, yaani haki ya familia juu ya miti ya malisho kandokando ya mito kama Turkwel, ambayo humtaka mgeni aombe ruhusa kabla ya kulisha mifugo yake humo wakati wa kiangazi. Mantiki hiyo ikipelekwa barabarani, dereva ni mgeni apitaye kwa watu, na kupunguza mwendo ndiko kuomba ruhusa kwake.

Haki ya njia, hata hivyo, inambana mjenzi pia, kwa sababu tuta lisilo na rangi wala ishara, likikutwa gizani na mwendesha bodaboda, ni udhia mpya, na aliyelijenga anabeba dhima ya damu. Vilevile mamlaka inayolibomoa bila kuweka jingine lililo salama inairithi dhima ile ile. Kakuma swali hili linazidi uzito, kwa kuwa wakimbizi, waliopokelewa hapo tangu mwaka 1992, hawana kura ya kumchagua anayepanga barabara, ilhali watoto wao huvuka lami ile ile.